Angalieni vizuri kiunoni

Jamani, nimeiona. Ile picha inayozunguka kwenye kundi letu la wachoraji, nimesimama mbele ya mchoro mkubwa kuliko lango la gereji, shati jeusi, mikono nyuma, na chini yake mtu kaandika: "Kijana wetu ameiteka London, nyie mnasubiri nini?" Pongezi zimepita hamsini. Mmoja anauliza kama nimeshaingia kwenye Turner Prize, ile tuzo kubwa ya sanaa ya huku Uingereza. Watatu wanataka niwape njia ya kuja.

Ikuzeni hiyo picha. Angalieni vizuri kiunoni. Ile siyo simu, ni redio ya upepo. Na kile kitambulisho shingoni siyo cha msanii. Mimi ni mlinzi wa ukumbi. Mchoro si wangu. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna mtoto anayeugusa, na kuwaelekeza watu choo kilipo. Hilo la choo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Maonyesho yakibadilishwa, sisi tulio na migongo mizima tunaitwa kubeba makreti. Wenzetu wa huku husema wanapiga boksi, yaani vibarua vya nguvu. Nami napiga boksi kama wao, ila langu lina kazi ya msanii mwingine ndani.

Nilitaka nimgombeze aliyeirusha, lakini nitakuwa mnafiki. Wiki tatu nimekaa kimya nikizisoma pongezi zenu. Siku ya pili tu Shangazi alipiga simu: mwanangu, tumesikia umepata tuzo, Mungu mkubwa, basi na ada ya mdogo wako usiisahau. Ningeweza kumwambia palepale. Nikasema, "Sawa, Shangazi." Nikatuma hela ya kodi ya chumba, kisha nikaenda kumbembeleza mwenye nyumba. Hiyo ndiyo tuzo mnayonipongezea.

Sasa hilo la njia. Mnadhani mtu anaingia kwa viza ya masomo, anasoma sanaa mchana, anachora usiku, anauza, maisha yanasonga. Nami nilidhani hivyo. Viza ya mwanafunzi hapa Uingereza, ukiwa unasoma shahada, inakuruhusu kuajiriwa saa zisizozidi 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Kujiajiri, hapana kabisa. Na mchoraji anayeuza picha zake ni nani kama siyo mtu aliyejiajiri? Kwa hiyo sheria ilinipa ruhusa ya kusimama kutwa nikilinda picha ya mwenzangu, lakini kufanya biashara ya picha zangu mwenyewe ikawa kosa. Mwaka wa pili, chuoni kulikuwa na maonyesho ya wanafunzi. Mama mmoja akasimama mbele ya kazi yangu muda mrefu, akarudi tena, akauliza bei. Nikamwambia haiuzwi. Akanitazama, akatabasamu, akaondoka. Nina hakika alidhani naringa. Usiku ule niliigeuza ile picha, ikatazama ukuta.

Ukihitimu ipo viza ya wahitimu, hiyo inakuruhusu kujiajiri. Lakini hapo umeshazoea mshahara wa kila mwezi, na nyumbani nao wameshauzoea. Galari nyingi hukata nusu ya bei ya picha ikiuzwa. Rangi, fremu, usafiri, juu yako.

Nyote mnanitajia yule msanii, Lubaina Himid. "Mbona Himid katoka Zanzibar na kashinda?" Basi tumseme vizuri. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, baba Mkomoro, mama Mwingereza. Baba alifariki, mama akarudi kwao na mtoto mchanga. Hakuja kutafuta, aliletwa amebebwa. Mwaka 1985 aliandaa maonyesho ya wanawake Weusi na wenye asili ya Asia katika ICA, jumba la sanaa la London, na kazi zao zikatundikwa kwenye korido. Korido, ndugu zangu, pale watu wanapopita kwenda kwingine. Turner Prize akaja kuipata 2017, kule mji wa Hull, akiwa na miaka 63, mwanamke Mweusi wa kwanza kuishinda. Na mwaka huohuo ndipo walipoondoa sharti la kuwa chini ya miaka 50, maana kabla ya hapo asingeruhusiwa hata kushindanishwa. Hesabuni: kutoka korido hadi tuzo, miaka 32. Zawadi, pauni 25,000. Siyo hela ndogo, sisemi hivyo. Igaweni kwa hiyo miaka, halafu mje tuongee.

Ana kazi moja ya mwaka 2004, Naming the Money. Sanamu bapa za watu 100, zimekatwa na kupakwa rangi, kimo cha binadamu. Wote ni Waafrika waliokuwa watumwa kwenye majumba ya kifalme ya Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, wafunza mbwa. Kila mmoja anakwambia jina lake la kwao, kisha lile alilopachikwa; alikuwa akifanya kazi gani, na sasa anafanyishwa nini. Mimi kazini wananiita kwa herufi mbili za mwanzo, kwa sababu jina langu ni refu kwenye redio. Siwezi kuwaeleza zaidi kuhusu kazi ile. Nendeni mkaitazame hata kwenye simu.

Kwa hiyo msije. Kaeni, choreni. Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi, aliipata lubugo, ile nguo ya gome la mti ya Waganda, ikiuzwa kwa watalii. Akaacha turubai, akachora juu ya lubugo pamoja na mashimo na mishono yake, na sasa majumba makubwa ya sanaa ya dunia yanazitundika kazi zake. Kitu kilikuwa hapohapo mlipo. Ingawa, haya, niseme kweli: alisoma Slade, kisha Royal Academy, shule za sanaa, zote London. Lakini amerudi kuanzisha taasisi ya sanaa Nairobi. Ingawa na London aliendelea kuishi na kuchora. Mnaona ninavyojikanyaga.

Na msanii Oscar Murillo alikuwa akisafisha maofisi wakati akisoma Royal College of Art, chuo cha sanaa cha London, huyo mtoto wa Kolombia. Mwaka 2019 yeye na wenzake watatu waliwaomba majaji wasimchague mmoja, wakagawana Turner Prize, pauni 10,000 kila mtu. Kuna usiku nasimama zamu nikimuwaza yeye na ndoo yake, nikirudi chumbani nachora hadi alfajiri. Usiku mwingine najiambia wasafishaji ni wengi, Murillo ni mmoja, nalala.

Basi ukialikwa na taasisi ya sanaa uje kuchora kwa miezi miwili au mitatu, malazi yao na karakana yao, njoo hata kesho, nitakupokea, utalala kwangu sakafuni kabla na baada. Ila soma mkataba: nani analipia kusafirisha kazi, nani anazirudisha. Tunzeni kila katalogi, kila gazeti lililowataja, kila barua ya mwaliko. Ipo viza ya watu wenye vipaji, na wasanii huombewa ithibati Arts Council England, baraza la sanaa la huku. Pale hawatazami machozi, wanataka maonyesho uliyofanya na barua za watu wanaoheshimika. Maonyesho ya huko nyumbani yanahesabika. Mimi yangu sikuyatunzia hata karatasi moja, nikidhani huku ndiko nitakakoanza.

Yule anayetaka kunitumia picha tano "niwaonyeshe wakubwa": wakubwa wangu ni wa zamu na funguo. Lakini tuma. Zikunje kama mkeka, uso nje, usizikunje kama shuka. Nitazitundika kwangu.

Na ile picha ifuteni. Au basi, ikateni tu pale kiunoni. Shangazi asiambiwe na yeyote. Nitamwambia mwenyewe mwisho wa mwezi, nikishatuma.