Undugu nao una ada yake

Swali lenu la wiki hii, "Kati ya nchi mbili ulizoishi, wapi maisha ni bora, na unapimaje?", limenikuta Tampere, Finland, ninakofanya kazi ya kuwatunza wazee. Kwetu ni Tanga. Jibu lililozoeleka nalijua: Ulaya kuna hela ila watu hawajuliani hali, kwetu hela hakuna ila undugu upo. Silikubali, kwa sababu undugu huo tunaulipia, tena taslimu.

Fungua simu ya Mtanzania yeyote mwenye kazi. Kuna kundi la WhatsApp la harusi, la msiba, la mgonjwa. Kila jioni mhazini anapandisha orodha: jina, ahadi, alichotoa, kilichobaki. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayowatoa watu jasho, maana ukoo mzima unaisoma. Mjomba akilazwa, hana bima na anatakiwa upasuaji, shangazi atapiga simu usiku huohuo: "Mwanangu, wewe ndiye uko Ulaya, usituangushe." Hakuna anayeiita kodi. Lakini ni kodi, na mbaya kuliko ya serikali kwa jambo moja: hukatwi kwa kadiri ya kipato chako, unakatwa kwa kadiri watu wanavyodhani unacho.

Huku Finland mchango huo unakatwa kabla mshahara haujanifikia. Kodi, pensheni na bima ya kukosa kazi, vyote kwa pamoja, vinaondoka na zaidi ya robo. Lakini sijawahi kuona watu wakichangishana ili mama afanyiwe upasuaji wa kujifungua. Mama mjamzito anapewa boksi la vifaa vya mtoto: nguo, blanketi, kipimajoto, hata mkasi wa kucha, na boksi lenyewe lina godoro dogo, mtoto analala humo. Lilianza 1938 kwa akina mama maskini, na mwaka 1949 likawa la kila mama, kwa sharti la kuhudhuria kliniki mapema. Chakula cha mchana shuleni ni bure kwa watoto wote tangu 1948. Kwetu ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, jambo kubwa, lakini shule nyingi bado mzazi anadaiwa mchango wa chakula. Mchango tena!

Wafini nao hawakuzaliwa matajiri. Njaa ya 1866 hadi 1868 iliua karibu asilimia 8 ya watu wao. Ndugu wangesaidia nini, na wao wenyewe walikuwa hawana kitu? Hapo ndipo penye udhaifu wa kutegemea ukoo: unafaa akiumia mmoja, haufai wakiumia wote. Sisi wa Tanga tunalijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa mkonge, na mji wetu ulikula kwa mkonge huo, kuanzia mashambani hadi reli na bandari. Kamba za plastiki zilipoteka soko, ukimwendea mjomba unamkuta naye kibarua kimekwisha.

Finland si peponi, nisieleweke vibaya. Foleni ya daktari wa meno inachosha, hospitali ina malipo yake ingawa yana ukomo kwa mwaka, na tangu Septemba 2024 kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 25.5. Desemba jua linachomoza hapa karibu saa nne kasorobo asubuhi, saa tisa alasiri limeshazama. Giza hilo sijalizoea na sitalizoea.

Na upweke upo, nauona kazini. Mzee anaomba avalishwe shati safi Jumapili kwa sababu mwanawe huenda akaja. Akifa, anaweza kuzikwa wiki kadhaa baadaye, kwa mwaliko. Mazishi niliyohudhuria, waombolezaji wangeenea kwenye daladala moja na nafasi ikabaki. Kila mmoja aliweka maua kando ya jeneza, akasoma kwa sauti kadi yake, kisha tukanywa kahawa na keki. Kwetu turubai lingefunga barabara.

Hata hivyo sidhani Mfini ana roho ngumu kuliko sisi. Ambaye hatakuhitaji kwa deni la hospitali halazimiki kupokea simu yako, na wengine hawapokei. Tuone basi sisi nasi, siku bili za hospitali zikiwa hazitugusi, ni wangapi tutaendelea kupigiana.

Kura yangu naipa Finland. Mzee aliyefika miaka 85 akazikwa na watu wachache amemzidi kijana aliyekufa kwa kukosa upasuaji akasindikizwa na mtaa mzima. Mimi mwenyewe bado nalipa kotekote, kodi hapa na michango Tanga, kwa hiyo nina haki ya kulalamika mara mbili. Ila pengo linapungua: vifo vya uzazi Tanzania vilikadiriwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023. Ikifika hadi kwa mjomba wangu na kadi yake ikapokelewa dirishani bila maneno, niulizeni tena.