Mtoto niliyemwita Kobe

Juzi Jumamosi nimepanda daladala pale Mbezi, imejaa kama kawaida yake, nimeshika bomba na kifuko changu cha viazi, mara kijana mmoja mrefu akanyanyuka, "shikamoo madam, kaa hapa." Nikakaa. Mwalimu mwenzangu unayesoma hapa unaijua hiyo raha, mshahara ndo kama unavyoujua ila mtoto uliyemfundisha akikupisha siti unajiona umeshinda maisha. Akaniuliza, madam unanikumbuka? Nikamwambia nakukumbuka sana baba, huku kichwani natafuta jina, sura ninayo, dawati alilokuwa anakaa ninalo, jina hamna kabisa. Akaona nababaika akanisaidia mwenyewe.

"Kobe, madam. Darasa la tatu."

Abiria wawili wakacheka, na yeye akacheka. Mi nikashuka kituo kimoja kabla ya kwangu.

Sasa kuna ticha mmoja kijana aliniandikia tangu mwezi uliopita, kapewa darasa la pili, anasema watoto wanazomeana, wanaitana majina, mtoto akijikojolea ni kicheko wiki nzima, afanyeje ili darasa liwe na upendo. Nilikuwa nimepanga kumjibu yale mambo ya semina, si unayajua, bango ukutani na wimbo mstarini. Yamenitoka hamu. Namjibu hivi.

Mwaka 2019 nilikuwa na darasa la tatu, watoto 118, chumba kimoja. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 watoto wamejaa, ni jambo jema silipingi, ila dawati la watatu linakaliwa na wanne, na wa mwisho anakalia nusu tako. Kulikuwa na kijana mmoja ananakili ubaoni polepole balaa. Nikifuta ubao yeye ndo yuko sentensi ya pili. Siku moja nimechoka, sijanywa hata chai, nikamwambia mbele ya wote, "wee kobe, wenzio wamefika Chalinze we bado uko Kimara!" Darasa likalipuka. Watoto wamecheka mpaka wanapiga madawati, na mi nikacheka, nilijiona nina vichekesho hatari. Nikaenda hadi ofisini nikawahadithia walimu wenzangu na wao wakacheka.

Basi jina likamkaa. Mapumziko wanamuinamisha wanamuwekea mfuniko wa ndoo mgongoni, eti gamba, atembee. Niliwaona kwa macho yangu nikiwa zamu, nikawafukuza kidogo, afu nikaendelea na simu yangu. Unaijua ile karatasi ya wapiga kelele ambayo kiranja anaandika mwalimu akitoka, na wale sugu wanawekewa alama? Siku moja nimeletewa, namba kumi na mbili imeandikwa "Kobe". Si nikaisoma hivohivo. "Kobe, njoo mbele." Mwalimu mzima, na diploma yangu.

Akaanza kukosa shule. Siku mbili, wiki, mi naweka alama kwenye daftari la mahudhurio basi. Wiki ya pili mama yake akaja, anauza mihogo ya kukaanga, kaja na harufu ya mafuta kwenye khanga yake, hakufoka wala nini. Akasema, "Madam samahani, mi nimekuja kuuliza tu, hivi kwenye lile daftari lenu mwanangu mmemuandika jina gani?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikilikumbuka hilo swali nasikia joto usoni.

Ndo katika kuongea akanitajia kwamba mtoto anaandika kwa mashoto. Bibi yake alijaribu kumbadilisha ikashindikana. Mi nimekaa naye miezi mitano sijaona! Nikaenda kuangalia dawati lake, kumbe kakaa mwisho upande wa kulia, kila akiandika kiwiko chake cha kushoto kinagongana na cha kulia cha mwenzie, wanasukumana mpaka anaamua kusubiri mwenzie amalize ndo aanze. Uvivu wote niliokuwa nausema ulikuwa ni viwiko. Nilimhamishia mwisho wa kushoto, basi. Hakuwa sungura, nisidanganye, ila akawa anamaliza.

Kesho yake niliwaomba radhi. Yeye kwanza, mbele ya darasa, kwa jina lake la daftarini, afu darasa lote kwamba nimewafundisha ujinga. Walikaa kimya 118 wote, haijawahi kutokea. Akanyanyuka binti mmoja wa mbele akauliza, "madam, kwani mwalimu naye anaombaga msamaha?" Ofisini nikaambiwa najishusha, watanipanda kichwani. Mwaka ule nimepandwa kichwani mara nyingi tu kama miaka mingine yote, kwa hiyo sijui msamaha uliongeza nini.

Ticha wangu, hapo ndo ushauri wenyewe ulipo, chunga mdomo wako. Tunaongelea sana fimbo, sawa tuongelee, kanuni za viboko za 2002 ziko wazi kwamba visizidi vinne, anachapa mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu. Tunavyozifuata wote tunajua, tuache. Ila mdomo hauna kitabu. Hakuna anayekuja kukagua umemwita mtoto kilaza mara ngapi, na watoto wanachukua neno kwako asubuhi saa mbili, saa nne wanalitumia uwanjani. Ukizomea watazomea. Unataka darasa la upendo afu wewe unaingia na "nyie ng'ombe", watoto wataupatia wapi huo upendo?

Baada ya pale nikajifanya mbunifu. Nikamwambia kiranja karatasi igeuzwe, upande wa nyuma aandike waliomsaidia mwenzao. Wiki ya kwanza tamu sana, nikajisifu hadi kwa mume wangu. Wiki ya pili nikaanza kusikia "nikuazime penseli uniseme kwa kiranja", wengine wanafanya kuangusha rula makusudi ili waokotewe. Wiki ya tatu kiranja kakutwa na karanga mfuko mzima kwenye begi, anahongwa. Rushwa, darasa la tatu! Nikaifuta. Cha ajabu kuna mwalimu mwenzangu aliuchukua huohuo mpango akaenda kuuwasilisha kwenye kikao cha kata kama wake, akapigiwa makofi, karanga hakuzitaja. Simtaji, ila akisoma hapa atajijua, nimesamehe lakini sijasahau.

Kilichodumu ni kitu kidogo ambacho hata jina hakina. Mnaokaa dawati moja, mwenzenu asipokuja, kesho yake nyie ndo wa kwanza kuniambia yuko wapi. Kama hamjui, mnapita kwao mkitoka shule, njia ni ileile. Hakuna zawadi, hakuna kuandikwa. Mwezi wa nane mmoja aliungua na uji nyumbani, wenzie wa dawati wakapita na daftari lake, wakamnakilia kazi za siku nne, mwandiko wa watatu tofauti kwenye ukurasa mmoja, na chini wamejisahihishia wenyewe wakaweka vema. Nililitazama lile daftari nikalia ofisini, nikasingizia chaki.

Kwa hiyo ticha jaribu hilo, na kabla ya hapo chunga mdomo, narudia tena chunga mdomo, na uwajue majina, 118 najua ni wengi lakini jina ndo la kwanza. Najisikia aibu kuandika hii sentensi ya mwisho baada ya yaliyonikuta kwenye daladala, ila naiandika. Mtu anayekataa kujifunza jina la mtoto asitafute bango la upendo, bango halimjui mtoto.

Na usidhani ukiomba radhi imeisha. Darasani waliacha, mtaani na madarasa ya juu hawakuacha, na mwisho wa mwaka alihamishwa shule. Mama yake alikuja kuchukua uhamisho nikiwa nafundisha, nikamuona dirishani, hakuingia kuniaga.

Jumamosi nimefika nyumbani nikapanda kiti, nikatoa daftari la maksi la 2019 juu ya kabati, vumbi tupu, viazi bado viko mlangoni. Yuko namba 67. Majina matatu, mazuri kweli, la babu yake limechukua mstari wa pili maana lilikuwa refu. Mwandiko nilimpa 41. Nyuma ya daftari nilikuwa naandikaga namba za wazazi, ya mama yake ipo.

Nimepiga mara moja. Ikaita, nikakata.