Maswali na majibu: Klova kwenye nyasi, na haraka yenu ya kupiga dawa

Maswali ya safari hii karibu yote ni klova, ile ya majani matatu na kimaua cheupe. Haya twende.

"Nilipiga dawa ya magugu, klova imekufa na nyasi nazo zimekufa."

Lebo ulisoma? Kama ni glifoseti, hiyo dawa haichagui, inaua karibu kila cha kijani. Panda upya. Hili nishalijibu mpaka nimechoka jamani.

"Kila nikiing'oa inarudi, kwa nini?"

Kwa sababu unakwanyua majani tu. Klova inatambaa, na kila kifundo kikigusa udongo kinatoa mizizi, ukiacha kipande ndo umeshapanda. Mwagilia kwanza udongo ulainike, halafu fuata mkono wake mpaka mwisho. Ila kung'oa peke yake hakutakusaidia, udongo wako una njaa. Klova ina bakteria kwenye vinundu vya mizizi, wanaikamatia naitrojeni, chakula cha mimea, kutoka hewani, kwa hiyo pale nyasi zinapokonda yenyewe inanenepa. Zilishe nyasi mbolea ya naitrojeni, kwa kipimo cha kwenye mfuko sio cha macho maana ukizidisha unaziunguza, na acheni kunyoa nyasi kipara! Nyasi nyingi za sehemu za baridi zinataka ziachwe sentimita 7 au 8, zile za joto zinavumilia chini ya hapo, na usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Zikiwa nene zinainyima klova jua. Uvumilivu pia, mbegu zake zinakaa ardhini miaka.

"Siki na chumvi je?"

Hapana. Chumvi inabaki kwenye udongo.

"Yangu ina maua ya njano."

Angalia majani. Yakiwa na umbo la moyo hiyo ni oksalisi, sio klova, na yote niliyosema juu ya bakteria hayaihusu.

"Kwani klova ina ubaya gani?"

Afadhali umeuliza wewe. Zamani mbegu za klova zilichanganywa makusudi na za nyasi, mpaka miaka ya 1940 ilipokuja 2,4-D, dawa inayoua majani mapana na kuacha nyasi, klova nayo ikapigwa humo humo na tangu hapo ikaitwa gugu. Inalisha udongo bure, inabaki kijani hata nyasi zikianza kukauka. Mimi ningeiacha. Ila ina nyuki, sasa kama watoto wanacheza peku au kuna mtu wa aleji, kata maua.

"Nimeshaamua napiga dawa, nipige lini?"

Hamsikii nyie. Usipige ikiwa na maua, nyuki wanaweza kudhurika. Usipige kukiwa na upepo. Yenye dikamba, dawa nyingine ya majani mapana, usiipige chini ya miti, inashuka mpaka kwenye mizizi. Na nyasi utakazokata baada ya hapo usizitandaze kwenye mboga.