Kuzimu yako inakula nini? Kwa anayeanza kuandika njozi za mjini

Wanaoanza kuandika njozi za mjini, yaani hadithi za majini na uchawi ndani ya mji wa kweli, wengi huanza na jini. Humpa kanzu nyeupe na kwato, kisha ndiyo wamtafutie pa kukaa. Wewe anza na mji: nani kafukuzwa akaishia kuzimu, huko chini ya mji, kwa kosa gani, na nani anafaidika na kufukuzwa kwake. Ukishayajua hayo, jini atakuja mwenyewe.

Tuseme unaandikia Tanga. Mapango ya Amboni, kilomita kama 8 kaskazini ya jiji, ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji. Masimulizi yanasema njia zake zinatokea Mombasa, wengine wanasema Kilimanjaro. Wapimaji wa mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote ni kama mita 900. Mwandishi mchanga hudhani lazima achague mmoja wa kumwamini, msimulizi au mpimaji. Usichague. Mpimaji aliingia akijua atatoka na kwenda kulala kwake. Njia ndefu humfungukia asiye na pa kurudi. Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950, alijificha humo. Kwa polisi alikuwa jambazi, na wapo waliomhesabu shujaa. Ishara hufanya kazi hivyo, walio juu wanaisoma vingine na walio chini vingine. Ikisomeka namna moja tu, umeandika fumbo la darasani.

Sasa msukule, maana hapa ndipo pwani ina mali. Kwa masimulizi yetu, msukule ni mtu aliyezikwa kwa macho ya watu, kumbe kachukuliwa, kakatwa ulimi, analima usiku na kulishwa pumba. Mweke kwenye shamba la mkonge. Wakati wa ukoloni mashamba hayo yalilimwa na manamba, vibarua waliotolewa mikoa ya mbali na kuitwa kwa namba. Walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku 30. Kila siku iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara haukuja mpaka kadi ijae. Hata mmea wenyewe unakusaidia: korona, mashine ya kutoa nyuzi, ikishasaga jani, nyuzi hazifiki sehemu 5 kwa 100 ya uzito wake. Yanayobaki ni maji na makapi ya kumwaga. Ukitaka kujua watu wako wa chini wanatoka wapi, tazama yanapomwagwa hayo makapi.

Usiandike, “Walikuwa kama watumwa waliosahauliwa na jamii.” Sentensi hiyo imeshamaliza kazi ya msomaji, hana tena cha kufanya. Andika kadi:

“Mnyapara alitia alama ya ishirini na tisa, akaupuliza wino ukauke, akamrudishia. Alfajiri alama zilikuwa kumi na moja.”

Uchawi wote umo humo, na hakuna aliyetaja uchawi.

Kosa la kawaida hapa ni kumpa msukule hotuba ukurasa wa tatu. Ulimi hana! Mikono yake ndiyo iseme: anavyohesabu kwa vifundo vya vidole, anavyoficha mwiba wa mkonge kwenye pindo la shuka. Ukishindwa kuandika kurasa mbili bila yeye kuzungumza, msimulizi awe mtu mwingine, kwa mfano kuli wa bandarini aliyewahi kumzika.

Masharti ya kuzimu yako yawe matatu: la kuingia, la kutoka, na bei. Kwa hadithi ya maneno 5,000 hayo yanatosha. Ukifika sita, wahusika wataanza kuelezana masharti badala ya kuishi. Bei ilipwe mbele ya msomaji kabla ya nusu ya hadithi, na alipe yule anayependwa. Akilipa mtu wa pembeni, hofu haipo.

Mlango usiuweke pangoni tu, kila mtu anautarajia hapo. Ngamiani, hapo hapo Tanga mjini, barabara zinaitwa kwa namba, kwa hiyo moja ikizidi, msomaji wa Tanga atashtuka kabla hujamweleza kitu. Wa Mbeya mwongezee sentensi mbili, basi.

Kuna jambo moja halina mzaha. Usimfanye bibi mwenye macho mekundu kuwa mchawi wa kweli ndani ya hadithi, wala usigeuze kiungo cha mwenye ualbino kuwa dawa inayofanya kazi. Nchini humu watu wameuawa kwa imani hizo hizo, na macho ya wazee wengi yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Ukimhitaji bibi huyo, majirani ndio wamwite mchawi, na hadithi ioneshe nani anakitaka kiwanja chake.

Rasimu ikiisha, tafuta neno “giza” na ulihesabu. Kila lilipo, futa, uweke kinachonuka au kinachogusika: kinyesi cha popo, chokaa yenye unyevu, makapi ya mkonge yaliyochacha. Yakibaki “giza” mawili katika hadithi nzima, yaache.