Maswali na Majibu: Kutembea na Kukimbia Ukiwa na MS (Multiple Sclerosis, Ugonjwa wa Neva)

Swali: Nikitembea kutoka kazini saa kumi jioni, kabla sijafika nyumbani jicho la kushoto huingia ukungu na miguu huwa mizito. Nikioga na kupumzika, hali hurudi. Je, ugonjwa unazidi? (Msomaji wa Tabata)

Jibu: Jibu limo katika swali lako, pale uliposema kuwa ukioga hali hurudi. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliieleza hali hii mwaka 1890 na hadi leo inaitwa kwa jina lake. MS huharibu mielini, yaani ala inayofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo, na uzi uliovuliwa ala hushindwa kupitisha ujumbe mwili unapopata joto, hata joto hilo likipanda kwa nusu nyuzijoto tu. Mwili ukipoa, ujumbe hupita tena, kwa hiyo matembezi yako hayajaharibu kitu.

Kinachotuumiza Dar es Salaam, zaidi ya jua lenyewe, ni unyevu wa hewa, kwa sababu jasho lisilokauka halipozi mwili. Panda daladala jioni, na matembezi uyahamishie kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, kukiwa kumepambazuka. Kunywa maji baridi kabla ya kutoka, na ujifunge shingoni kitambaa kilicholoweshwa maji ya barafu. Najua wengi wenu hujinyima maji kwa kuogopa haja ndogo ya ghafla barabarani. Acheni, chagueni njia inayopita karibu na msikiti au kituo cha mafuta chenye choo.

Ila dalili mpya inayodumu zaidi ya saa 24 nawe huna homa wala maambukizi, hiyo ni ya kuwahi kliniki. Ukiwa na homa, kapime malaria na mkojo siku hiyohiyo, maana joto la homa nalo huamsha dalili za zamani.

Swali: Familia inasema mtu mwenye MS apumzike tu. Ni kweli? (Msomaji wa Mbagala)

Jibu: Si kweli, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Madaktari wa zamani walishauri hivyo, lakini mwaka 1996 watafiti wa Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 15, wakaongezeka pumzi na nguvu. Mapumziko yana nafasi yake ugonjwa unapolipuka upya, na daktari ndiye atakayekuambia lini urudi barabarani. Nje ya hapo, kumketisha mgonjwa kwenye kochi miezi sita ni kumwondolea misuli ambayo MS ilikuwa haijaigusa, na wanaofanya hivyo hufanya kwa upendo, jambo linaloniuma zaidi.

Swali: Kuna dawa ya unga Kariakoo inayosafisha mishipa. Niinywe badala ya sindano zangu? (Msomaji wa Ilala)

Jibu: Hapana.

Swali: Klabu yetu ya jogingi inajiandaa kwa nusu marathoni ya Moshi. Naweza kwenda? (Msomaji wa Kigamboni)

Jibu: Huenda ukaweza, daktari wako akiridhia. Tatizo ni kwamba mbio hizo huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, hivyo mazoezi yako mazito yatakuwa Januari, katika joto kali la hapa. Kimbia dakika tatu, tembea moja, tangu mwanzo kabla hujachoka. Mchakamchaka wa kikundi una raha yake, lakini nyimbo humfanya mtu apitilize kipimo chake, kwa hiyo mweleze kiongozi wenu mapema ili ukibaki nyuma asikufokee.

Swali: Baada ya kilomita mbili mguu wa kulia huanza kujikwaa. Nifanye nini? (Msomaji wa Sinza)

Jibu: Geuza viatu vyako utazame soli. Ikiwa ncha ya kiatu cha kulia imelika kuliko ya kushoto, unyayo wako haunyanyuki vizuri misuli ya mbele ya goko inapochoka. Mwone mtaalamu wa fiziotherapia, naye atakupa mazoezi ya misuli hiyo na pengine kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo. Kwa sasa geuza njia ufikapo kilomita moja, si mbili, ili uwe umefika nyumbani kabla mguu haujachoka, na kandambili usizivae kabisa kwa matembezi.