Kwa Nini Maji ya Chumvi Huzunguka Juu ya Sumaku?

SWALI: Tuliweka bakuli la maji ya chumvi juu ya sumaku, tukachovya waya mmoja katikati na kuulaza mwingine kuzunguka ukingo, kisha tukaunganisha betri. Maji yakaanza kuzunguka. Wanafunzi wangu wanauliza: ikiwa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na za kloridi huenda pande zinazopingana, mbona sumaku haizitenganishi, bali maji yote huzunguka upande mmoja? (Mwalimu wa sekondari, Tanga)

JIBU: Wanafunzi wako wameuliza swali ambalo vitabu vingi hulipita upesi. Kani ya sumaku juu ya chembe hutegemea mambo mawili kwa pamoja, yaani chaji ya chembe hiyo na upande inakoelekea. Likigeuka moja, kani nayo hugeuka. Yakigeuka yote mawili, kani hubaki ilivyokuwa. Ikiwa waya wa katikati ndio chanya, sodiamu, yenye chaji chanya, hutoka katikati kwenda ukingoni na kloridi, yenye chaji hasi, hutoka ukingoni kuja katikati, na kwa kuwa zinatofautiana kwa chaji na kwa mwelekeo pia, zote husukumwa upande uleule, kwa pembe ya nyuzi 90 na njia zake.

Hata hivyo, ayoni zenyewe husafiri polepole mno, mikromita chache tu kwa sekunde, ilhali maji mnayaona yakizunguka kwa macho. Hii ni kwa sababu kila ayoni inayosukumwa hugongana papo hapo na molekuli za maji na kuzipa msukumo wake, hata kimiminika chote kikavutwa. Kwa mkondo wa ampea 0.5 unaopita sentimita 5 katika uga wa sumaku wa tesla 0.1, kani yote ni nyutoni 0.0025: ni ndogo, lakini inatosha kwa tabaka jembamba la maji.

Huo utengano mlioutarajia hutokea pale maji yanapoendeshwa na pampu, bila betri. Hapo ayoni zote huenda upande mmoja zikiwa na chaji tofauti, hivyo sumaku huzisukuma pande mbili na volti hujitokeza kati ya kuta za bomba. Mita za sumaku za kupimia mtiririko wa maji hufanya kazi hivyo: bomba la sentimita 10, uga wa tesla 0.01 na mwendo wa mita 2 kwa sekunde hutoa milivolti 2. Mwanasayansi wa Uingereza Michael Faraday aliitafuta volti ya namna hiyo katika mto Thames, London, kwenye daraja la Waterloo, mwaka 1832, akitegemea uga wa sumaku wa dunia peke yake, lakini hakupata jibu la kuaminika.

Geuzeni betri, maji yatazunguka kinyume. Kisha pindueni na sumaku, yatarudia upande wa kwanza. Fungueni madirisha, kwa sababu maji ya chumvi yakipitishwa umeme hutoa gesi ya klorini, na msithubutu kutumia umeme wa ukutani.