Vibonyezo vya piano kunasa wakati wa masika

Dada, umesema piano ya kwaya yenu hapo Tanga hunasa vibonyezo kila masika, na fundi anataka kutia mafuta kwenye pini zinazokaza nyuzi. Mzuie, tafadhali! Pini hizo hushikwa na msuguano wa mbao tu. Mafuta yakipenya zitateleza, na nyuzi kama 230 zenye mvuto wa tani nyingi hazitakaa kwenye sauti. Kinachonasa kwa kawaida ni felti, yaani kitambaa kizito cha sufu, iliyovimba kwa unyevu ndani ya kibonyezo. Hubanwa kidogo kwa koleo maalumu, basi. Fundi wa kweli huja na ufunguo wa pini na kabari za kuzimia nyuzi, naye hupima ukazo wa pini kabla ya kutaja bei. Piano yenyewe iondoeni kwenye dirisha la upande wa bahari.